Moshi wa Kumkaribisha Baba Yako

Hodan wangu, assalamu aleikum. Hapa Iftin tuko salama, alhamdulillahi, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Umeniuliza kwa nini sauti ya baba yako inakwaruza. Alipokuwa mdogo, ushanga aliokuwa akiuchezea mdomoni ulimwingia kwenye njia ya hewa. Mimi nilikuwa nimejifungua shangazi yako, siku arobaini hazijaisha, kwa hiyo mke mwenzangu Habiba ndiye aliyempeleka Nairobi. Madaktari waliutoa ushanga, lakini koo likavimba, ikabidi watoboe shingo apate kupumua. Alikaa muda mrefu bila sauti. Habiba akajifunza kumsoma macho.

Siku waliporudi niliwasha uunsi, ule ubani wetu wa kumpokea mtu wa safari, nyumba nzima ikajaa moshi. Mtoto akakohoa mpaka midomo ikageuka rangi. Nikamnyooshea mikono. Akanipita, akamkimbilia Habiba.

"Zima, dada! Daktari amekataza moshi!"

Makaa yangu niliyamwagia maji mwenyewe.

Wivu ule haujanitoka, Hodan. Habiba sasa haoni vizuri, mimi ndiye ninayemshika mkono na kumtilia chai. Baba yako akipiga simu hunisalimia mimi kwanza, kwa heshima zote, kisha huomba apewe Habiba. Hawaongei sana. Habiba husikiliza tu anavyopumua, halafu hunirudishia simu.

"Mwanao yuko mzima," huniambia.

Nami niliyemzaa husubiri kuambiwa.

Ayeeyo wako