Kilo Mia na Kumi na Moja

Bondeni Momba,
3 Agosti 2014

Kwa mwanangu Nyanzobe,

Nimepoteza ng'ombe kumi na saba, kuanzia tarehe 9 hadi tarehe 27 Julai. Salamu zinafuata. Nimetanguliza hesabu kwa sababu ndiyo ninayoamka nayo.

Sisi hatujambo. Mama yako mguu umepungua uvimbe na anakusalimu. Wewe je, na hiyo baridi ya Tunduma? Bosi wako Othmani na watu wake hawajambo?

Ugonjwa ni homa ya mapafu. Unajua nilifika bonde hili mwaka 1998 kutoka Meatu na ng'ombe wanane. Nikawafikisha sitini na wawili bila kuomba mtu ndama. Leo wamebaki arobaini na watano. Na wote walichanjwa. Wilbard, bwana mifugo wetu, aliwachoma mwenyewe tarehe 21 Mei, mimi nimeshika kamba. Jirani yetu Kasiani naye amefiwa na nusu ya zizi.

Tuliitana baraza pale pale mnadani. Wilbard akajitetea eti friji la chanjo huzimika jioni za siku ya mnada. Nikamwambia, "Friji lako huzimika likimwona mnunuzi wa chanjo?" Watu wakacheka. Kisha nikazunguka nyuma ya kile kibao mlichotutengenezea, kinachoonyesha kilo za ng'ombe kwa tarakimu nyekundu, nikaisoma kadi yake kwa sauti: "Kinatumia wati 30. Kanuni ni kisizidi wati 35. Kimepimwa na Nyanzobe Maduhu." Nikawauliza, paneli zote zile za umeme wa jua za mradi zinashindwa na wati thelathini? Maneno yakaishia hapo.

Wilbard ametengwa kama mwizi aliyeuza chanjo yetu. Hasalimiwi, hauziwi unga, na mkewe Conjesta hachoti kisimani kwetu. Atakayewasemesha atatoa dume la faini.

Wewe uko mjini kunakopita kila kitu kwenda Zambia. Niulizie nani alinunua chanjo hiyo. Barua nampa Isaka wa lori la mahindi, maana mtandao huku ni mpaka upande kichuguu, na pale juu kila mtu anakusikia.

Ni mimi baba yako,
Maduhu


Tunduma,
12 Agosti 2014

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Mwambie mama namwamkia pia. Mimi ni mzima, baridi nimeizoea. Othmani hajambo, anakupa pole, na mimi nakupa pole nisiyojua niipime kwa kipimo gani. Yule mwenye pembe moja yumo kwenye hao kumi na saba? Usiponijibu hilo nitaelewa.

Nimeulizia chanjo kwa wauza dawa za mifugo, hata kwa Wazambia wanaokuja kwetu kununua vibao. Hakuna aliyesikia chanjo ikiuzwa.

Baba, naomba unijibu haya. Friji na kibao vinatumia betri zile zile? Siku ya mnada kibao kinawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi? Ng'ombe wengi wanapima kilo ngapi? Na wakiondoa ng'ombe mizanini, kibao kinazimika au kinabaki na namba ya mwisho?

Ile kadi usiisome tena mbele ya watu. Imeandikwa kwa ajili ya mafundi.

Mwanao,
Nyanzobe


Bondeni Momba,
24 Agosti 2014

Kwa mwanangu Nyanzobe,

Hatujambo, ila mguu wa mama yako umerudi kuvimba. Tunaomba uwe mzima.

Wa pembe moja yumo. Alikuwa wa tano kufa.

Maswali yako nayajibu kwa mpangilio ulioyauliza, ili uone namna swali linavyojibiwa. Betri ni zile zile, ziko chumba kimoja na friji. Kibao kinawashwa saa kumi na mbili asubuhi, kinazimwa saa kumi na mbili jioni. Ng'ombe wetu ni kilo 240 hadi 290. Namba inabaki inawaka mpaka apande ng'ombe mwingine, na watu wanaisoma kutoka kwenye kibanda cha chai. Mimi nilikuwa naisoma kwa majivuno. Nilikuwa nawaambia wageni, hicho ni kibao cha mwanangu.

Wawili zaidi wamekufa. Nina arobaini na watatu.

Juzi Conjesta alipita njiani amebeba ndoo ya maji ya mtoni, akamwamkia mama yako. Mama yako akainama kufunga kiatu ambacho hakina kamba. Nami nilikuwepo, nikatazama mbuzi.

Sasa nisikilize. Nimekuzaa, nakujua. Ng'ombe akilikwepa josho huwa ana kidonda anachoogopa kisiguswe na dawa. Nilikuuliza swali moja, ukanirudishia manne. Kwa nini nisiisome kadi? Inasema nini ambacho mimi wa kisomo cha watu wazima sikukiona?

Ni mimi baba yako,
Maduhu


Tunduma,
6 Septemba 2014

Kwa baba yangu,

Shikamoo. Mimi si mgonjwa, lakini siwezi kuandika kwamba ni mzima. Barua hii nimeianza mara nne, Isaka akaondoka safari moja bila kitu.

Baba, kila tarakimu kwenye kibao kile imejengwa kwa vipande saba vya taa. Nane inawasha vyote saba. Moja inawasha viwili tu. Kila kipande kinakula wati nne, na mashine yenyewe sita. Kibao kina tarakimu tatu. Kikiandika 888 kinakula wati tisini. Kikiandika 111, thelathini.

Wenye mradi walitupa kanuni sisi watengenezaji: kibao kitakachofungwa kwenye paneli zao kisizidi wati 35, na kiwe na kadi yenye jina la aliyekipima. Kanuni ilisema kipimwe kikiwa kinawaka. Haikusema kiwe kimeandika namba gani.

Kwanza nilipima kwa 888, kama fundi yeyote mwenye akili timamu. Mita ikasoma tisini. Othmani akakaa juu ya boksi, akasema, "Vibao kumi tumeshavikata mabati. Tufugie kuku?" Ningependa kukuandikia kwamba yeye ndiye aliyenielekeza. Si yeye. Ni mimi niliyesema, "Bosi, hawajataja namba." Nikabonyeza 111. Mita ikateremka mpaka thelathini. Othmani alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Binti wa mfugaji, wewe utakuja kuninyang'anya karakana." Nilifurahi baba. Nilifurahi siku nzima.

Kilo mia na kumi na moja ni ndama. Mimi niliyekulia zizini nilijua hilo kabla sijajua kusoma.

Ng'ombe wako wa kilo 286 anawasha vipande kumi na vinane. Hizo ni wati 78. Kwa saa kumi na mbili ni 936, wakati paneli zilipangiwa 360. Betri zinaisha jioni, friji linazimika, chanjo inapata joto na kuharibika mpaka jua lirudi. Asubuhi Wilbard anaigusa, ni baridi, anadhani ni nzima. Tangu Aprili tulipofunga kibao mpaka tarehe 21 Mei, piga hesabu siku za mnada ni ngapi. Mimi nimepiga.

Wilbard alisema kweli.

Baba, naomba usiisome barua hii barazani. Yeye ni mtumishi wa serikali, atahamishwa, atapata kituo kingine. Mimi nikifukuzwa hapa sina kituo kingine. Nilianza kwa kufagia chini ya meza ya fundi redio na kuokota waya, wewe unajua. Nitakuja kimya kimya nibadilishe taa, nifunge zinazokula kidogo. Nihurumie.

Mwanao,
Nyanzobe


Bondeni Momba,
14 Septemba 2014

Kwa Nyanzobe,

Mimi sijambo. Mama yako hajambo. Ukitaka habari za afya ya Wilbard nitakupa, maana nimetoka kwake.

Amekonda. Nilikwenda saa sita mchana, watu wakiniona, nikaomba maji ya kunywa. Conjesta akanipa ya mtoni, yana tope kidogo, nikayamaliza. Nilimwomba Wilbard radhi kwa lile neno la mnunuzi. Alinisogezea kigoda tu, nikakaa, tukatazamana na kuku wake. Jioni vijana wa baraza walikuja kuchukua dume la faini. Wamebaki arobaini na wawili. Kasiani hanisalimu, na kisimani mama yako jana alirudishwa na ndoo tupu.

Barua yako nimeisoma mara tatu peke yangu. Hesabu zako ni sahihi, nimezirudia kwa mkaa ubaoni. Siku za mnada ni saba. Nilikufundisha kuhesabu ng'ombe wakiingia zizini ili asipotee hata mmoja, nawe ukaitumia hesabu kupitisha kitu mlangoni. Lakini aibu hii siwezi kukuachia peke yako. Wewe ulikuwa mbali. Mimi nilisimama mbele ya mtu aliyesema kweli, nikachekesha watu, kisha nikamfunga mdomo kwa jina la mwanangu.

Kwamba atapata kituo kingine, hilo sikukufundisha mimi. Jumamosi tarehe 27 Septemba, saa nne asubuhi, baraza linakaa mnadani kuandika barua ya kumshtaki kwamba ni mwizi. Mwizi hapewi kituo.

Nimeulizwa kwa nini nilikunywa maji yake. Nimesema nitajibu siku hiyo. Barua yako iko mfukoni mwangu, naweza kuisoma. Ila nilishasoma jina lako mara moja mbele yao, na wataniambia Maduhu anasoma karatasi inayomfaa leo. Kadi ina jina lako. Mdomo wa kuifuta ni wako. Uje na mita yako, tuandike 888 pale juu, kila mtu aione mwenyewe.

Isaka anaondoka Tunduma Alhamisi tarehe 25, saa nane mchana. Akifika kwangu bila wewe, awe na karatasi yako, na isiwe na shikamoo wala habari ya baridi. Unakuja, au huji?

Baba yako,
Maduhu