Mifupa Mikavu, na Mtamba Anayekungoja Igogwe

S.L.P. 419,
Kyimo, Tukuyu.
18 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Simon,

Ugonile. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Oulu, wewe na shemeji yangu na mtoto. Sisi huku hatujambo, ukiondoa mafua ya msimu. Juni ni ileile unayoijua: ukungu hauinuki mpaka saa nne, nguo hazikauki, na kila mtu anatembea na sweta mbili. Mama yangu, shangazi yako Imakulata, magoti yanamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa. Aliniuliza kama huko mnapata ndizi za kupika. Nikamwambia zipo, zinauzwa dukani zimefungwa kwenye plastiki. Akasema, “Hizo si ndizi, ni maiti. Mwambie mtoto wa kaka yangu arudi ale.”

Ninakuandikia kwa sababu simu zetu hupokei, na kwa sababu jambo lenyewe linafaa lisomwe mara mbili. Nalitaja mapema usije ukalitafuta katikati ya salamu. Mzee Anyosisye, baba mkwe wa dada yako Atupele, anataka mkamwana wake aache kumkimbia kabla yeye hajafa. Ametoa mtamba wa ng'ombe ili mwiko huo wa ukwe ufunguliwe. Mtamba huyo hakuna wa kumpokea ila wewe.

Najua jina la mzee huyo hulipendi. Vumilia nikueleze kwa utaratibu, kama nilivyozoea kazini.

Kwanza afya yake. Mwezi uliopita alilazwa hospitali ya Igogwe kwa ajili ya moyo. Amerudishwa nyumbani na dawa, na Alinanuswe, mwanawe, akaambiwa kwamba tunahesabu miezi, si miaka. Mzee mwenyewe hakuhitaji kuambiwa. Amekwisha kuonyesha mahali atakapozikwa, na ameikataza kwaya aliyoifundisha maisha yake yote isimwimbie polepole. “Mkiniburuza,” aliwaambia, “nitaamka niwahesabie.”

Siku aliyorudi aliomba tumpitishe kwenye ghala lake la zamani la kahawa. Sasa Alinanuswe anahifadhia humo kreti za maparachichi, lakini ukutani chaki bado ipo: moja mpaka saba, hesabu ya mapigo ya bendi yenu, kwa mwandiko wa mzee, na mstari chini ya nne na chini ya saba. Alisimama akiziangalia huku akitikisa kichwa kidogo. Nadhani alikuwa anakusikia wewe.

Na mimi nilikusikia, nakiri. Niliiona ngoma yako ya kwanza: pipa la plastiki lililokatwa, madebe mawili ya mafuta, na vifuniko vya sufuria ambavyo Mama alivitafuta wiki nzima. Alinanuswe alikuwa na gitaa lenye nyuzi tano badala ya sita, Jotham akapewa besi kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wote, na dada yako alikuwa na sauti ile ambayo watu hawakuamini inatoka kwa msichana wa kwaya. Jina la bendi, Mifupa Mikavu, mlilipata kwa nabii aliyeoneshwa bonde la mifupa. Akina mama wa kanisa walilifupisha siku hiyohiyo. “Mifupa wanapiga leo?” “Wanapiga. Zibeni masikio, fungueni mioyo.”

Mzee Anyosisye alipokuja ghalani mara ya kwanza alifungua mlango kwa fimbo.

“Nani anauawa humu?”

“Ni wimbo wa sifa, baba,” Alinanuswe akajibu.

“Mungu si kiziwi.”

Lakini alikaa juu ya gunia mpaka mwisho, na wimbo ule ulikuwa mrefu kuliko mahubiri ya baadhi ya watu. Mlipomaliza mkisubiri kufukuzwa, alisema tu: “Mara ya tatu mlihesabu saba, mkaingiza sita. Rudieni.” Tangu siku hiyo akawa mlezi wenu. Aliwapa ghala, akawapa jenereta, na kwenye kikao cha wazee akawatetea mpaka sauti ikamkauka. Wachumaji wa chai walikuwa wakitoka kazini wanapitia ghalani na aproni zao za plastiki, wanasimama mlangoni kwenye mvua. Hao ndio mashabiki wenu wa kwanza. Hawakucheza, maana wimbo ulikuwa ukibadilika kabla mguu haujajua uende wapi, lakini hawakuondoka.

Mengine unayajua: albamu iliyorekodiwa Mbeya, redio iliyowapiga kila Jumapili mchana baada ya matangazo ya vifo, ukumbi wa Dar es Salaam ambako vijana waliovaa nyeusi tupu waliimba nanyi kwa Kinyakyusa bila kuelewa hata neno moja. Mwaliko wa Nairobi ulifika mwaka 2015, mwaka uleule Atupele alipoolewa na Alinanuswe. Nilicheza kwenye harusi ile mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Hakuna aliyefikiria, hata wazee hawakufikiria, kwamba kwa harusi ile mlezi wa bendi alikuwa amegeuka baba mkwe wa mwimbaji.

Familia nyingi siku hizi zimelegeza mambo hayo. Ya Mzee Anyosisye haikulegeza. Mkamwana hakutani macho na baba mkwe, hamtaji jina, hali mbele yake, akimwona njiani anaingia migombani. Wewe ulikasirika tangu siku ya kwanza. Mzee na Atupele hawakukasirika, walitafuta njia. Bendi ikipiga, mzee alikaa nje, nyuma ya spika, na mwavuli wake. Alisema kutoka huko anasikia besi vizuri zaidi.

Kisha ukaja mkutano wa injili wa Mpuguso. Nimeripoti mafuriko, ajali na chaguzi sita, lakini ile dakika moja ndiyo ninayoulizwa zaidi nikiwa sokoni. Waandaaji wa mkutano walikuwa wageni wa huku. Walimwona mzee wa kanisa amesimama nje kwenye mvua, wakaona aibu, wakamchukua kwa heshima zote wakamkalisha kiti cha mbele. Yeye akadhani, kwa kuwa amewekwa pale, basi siku hiyo Atupele haimbi. Dada yako alianza wimbo macho kafumba. Alipoyafumbua, baba mkwe alikuwa hatua chache mbele yake. Akatupa maikrofoni, akajifunika khanga kichwani, akachuchumaa nyuma ya spika akitetemeka.

Akina mama wa hapa walielewa, wengine wakacheka. Mhubiri mgeni hakuelewa. Aliruka jukwaani akaanza kukemea pepo. Mzee naye alikuwa anajaribu kutoka, watu wanamrudisha kitini, wanamwambia asiogope, shetani ameshindwa. Kesho yake habari ikawa imefika Mbeya kwamba mwimbaji wa Mifupa Mikavu ameanguka na mapepo kwa sababu ya muziki wenyewe. Niliandika maelezo sahihi. Gazeti likayapunguza yakawa mistari miwili chini ya tangazo la mbolea. Makanisa yakafuta mialiko, moja baada ya jingine, na Nairobi nayo ikafuta.

Nakumbuka pia ulichomwambia mzee mbele ya baraza la wazee: “Bendi hii umeiua wewe na heshima zako.” Mwaka uliofuata ulipanda ndege bila kumuaga. Jotham akaenda kupiga kinanda kwenye harusi za Tukuyu. Alinanuswe akapanda maparachichi. Atupele hajapanda jukwaani tena, anaimba jikoni tu. Alinanuswe anasema baba yake hupita njia ya nyuma ya jiko, taratibu kuliko miguu yake inavyohitaji.

Sasa nifike kwenye hali ya leo. Mke wa mzee alifariki mwaka juzi, kama ulivyosikia. Mwanamke pekee katika nyumba ile ni dada yako. Anapika uji wa mgonjwa, anauacha kizingitini, anagonga na kukimbia. Jirani ndiye anayeingia kumlisha. Mzee akikohoa usiku, Atupele anakaa upande wa pili wa ukuta na hawezi kuingia. Hivyo ndivyo ilivyo, na itaendelea kuwa hivyo mpaka tutakapomzika, kama mwiko haukufunguliwa.

Jumamosi iliyopita mzee alituita uani kwake. Mtamba alikuwa amefungwa kwenye mparachichi, mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Alinanuswe alikuwa na gitaa. Jotham alikuja na besi na spika moja. Mpiga ngoma hawakuwa naye, kwa hiyo Jotham alitoa kwenye simu yake ngoma zako za mwaka 2014, zile zilizorekodiwa peke yake studio, akaziunganisha na spika. Zilipoanza, Jotham alipitwa mara mbili. “Huyu hata akiwa Ulaya,” akasema, “bado anatukimbiza.”

Mzee alisema anamtoa mtamba ili mkamwana wake awe binti yake, amwone, amsikie, amlishe. Ndipo Mama aliposimama na magoti yake.

“Gwe Anyosisye, mtamba ni mzuri, sina neno. Lakini unampa nani? Baba yake Atupele yuko kaburini. Kaka yake yuko kwenye barafu.”

“Pokea wewe, Imakulata.”

“Mimi ni shangazi. Naweza kumchunga. Kupokea siwezi.”

“Basi nitangoja barafu iyeyuke,” mzee akasema.

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kila mtu uani pale alijua alichoambiwa Alinanuswe hospitali. Sauti ikatoka jikoni.

“Baba.”

Miaka kumi hajawahi kumwita.

“Baba, usingoje.”

Akatoka. Alikuwa na khanga kichwani na unga mikononi. Alipiga magoti mbele ya kiti, kisha akainua uso. Mama alisema “Yesu na Maria!” akafunika macho yake mwenyewe, kana kwamba mwiko ulikuwa wa kwake. Mzee alimtazama Atupele kwa muda mrefu.

“Kumbe umenenepa.”

“Na wewe umekonda, baba.”

“Tukigawana tutatosha.”

Kisha aliimba. Nakupa taarifa bila sukari: sauti si ile. Imeshuka, na ule mngurumo wake wa katikati ya wimbo ulimkwama, akakohoa, akaanza upya. Alinanuswe alikosa mara moja, Jotham mara nyingi. Kwenye mkono wa kiti kidole cha mzee kilikuwa kinahesabu saba na hakikupotea hata mahali pamoja. Walipomaliza alisema, “Mwisho mmeharakisha.” Nikamwona Alinanuswe amegeukia mparachichi, anajipangusa uso kwa mkono wa shati.

Nilidhani habari imeishia hapo. Kumbe sivyo. Jumapili mzee alipokuwa anarudi kutoka ibadani, Atupele alimwona kwenye njia, akatupa ndoo akaingia migombani. Nilimfuata.

“Jana ulikaa mbele yake, leo unakimbia nini?”

“Jana niliiba, dada Lilian. Mtu haibi kila siku.”

Nikaenda kwa mzee nikitegemea atalalamika. Akasema, “Amefanya sawa. Mtamba hajapokelewa.” Uji wa jioni ile uliachwa kizingitini kama kawaida.

Mtamba tumempeleka Igogwe kwa Mama. Yupo pale anakula majani yake na kelele za Mama. Hatuwezi kumpokea, na mzee hataki kumrudisha zizini.

Nilimuuliza mzee kama ana neno kwako. Alifikiri, akasema: “Mwambie Simon, neno lake nililipokea siku ileile, na lilikuwa na kweli ndani yake. Sasa naye apokee langu.”

Sikuombi umpende. Sikuombi uje, ingawa ukija kitanda kipo na blanketi nitafua. Nimeuliza wazee wa pande zote mbili, wamekubali kwamba safari ikishindikana unaweza kupokea kwa sauti, mradi wote tuisikie. Jumapili ya kwanza tangu uipate barua hii, saa nane mchana ya huku, piga simu ya Mama. Kila Jumapili tutakuwa uani kwake na mzee, na dada yako atakuwa nyuma ya nyumba, mahali anapoweza kusikia. Sema “Nimempokea,” taja jina lako na la baba yako. Ukiona huwezi, sema pia, ili tuache kumwekea mzee matumaini. Ila ujue kwamba ukinyamaza, atakufa akilishwa na jirani, na Atupele atamsikia kupitia ukutani.

Jotham anakusalimu, ana watoto watatu na kitambi. Alinanuswe anakusalimu, anasema zile ngoma za simu zina kosa moja dakika ya nane na anafurahi kuligundua. Mama anakusalimu na kukuombea rozari, hata kama wewe si Mkatoliki. Nisalimie mkeo, umbusu mtoto.

Kyala akusaye, Mungu akubariki, akulinde na baridi ya huko, akufungue mdomo kwa wakati.

Dada yako akupendaye, na anayekaa karibu na simu,

Lilian