Nilimpeleka Mama Kutembea, Akapewa Kazi

Mpendwa mshauri, sijui umri wako, kwa hiyo naiweka shikamoo yangu hapa mwanzo na kama haikustahili unirudishie, nakuomba msaada kwa sababu kichwa changu kimejaa na hapa ninapoishi hakuna mtu wa kumwambia, wote tunarudi kutoka kazini tumechoka na ukianza habari za mama yako wanakucheka. Mimi ni mfunga nondo kwenye majengo marefu, niko mbali sana na kwetu, shule niliiacha nikiwa bado nahesabia vidole, ila kuandika najua, na jambo nikiliona nalieleza kama lilivyo.

Mama yangu ni mjane. Nilipoanza kazi hii niliapa kwamba yeye amehangaika vya kutosha, sasa atakula kwa jasho langu na atakaa. Mwezi uliopita nikamleta huku apumzike. Nina chumba kimoja, nimempa kitanda, mimi nalala kwenye godoro karibu na mlango, natoka alfajiri narudi giza limeingia, namkuta ameshafua hata nguo ambazo hazikuwa chafu na sufuria zangu amezipanga kwa kimo kama wanafunzi. Nikimwuliza ameshindaje, ananiambia alikuwa amekaa tu. Kila siku amekaa tu. Nami nikawa nafurahi, najua ndiyo raha yenyewe.

Jumapili moja nikasema leo tutoke, nikampeleka kwenye bustani ya michezo, ile yenye gurudumu kubwa na mashua zinazopandishwa kilima halafu zinateremka majini kwa kishindo. Mshauri, ningependa umwone mama yangu siku ile. Alivaa viatu vyake vya harusini, tulipofika kwenye majani akavivua akatembea navyo mkononi bila haya. Mimi kwa kazi yangu siwezi kuona chuma nisikague, kila chombo nilikizunguka kwa chini natazama boliti na viungio, nikawa namwambia hiki hapana, kile labda, mpaka akaniuliza, "Mwanangu, umenileta kutembea au kukagua ghorofa?" Akapanda gurudumu kubwa peke yake, na kule juu nikamwona anawapungia mkono watu asiowajua. Tulinunua aiskrimu, akaila taratibu mpaka ikamtiririkia kwenye kiwiko, akacheka mwenyewe. Tukajilaza kivulini, hatukuwa na haraka ya kitu chochote, akanisimulia mambo ya ujana wake ambayo sikuwahi kuyasikia, na mgongo wangu ambao huuma kila siku siku ile niliusahau.

Jua lilipoanza kushuka tukaenda kwenye mashua. Foleni ilikuwa ndefu na imevurugika, watoto wanalia, baba mmoja mwenye miwani myeusi amejipenyeza mbele na familia yake yote, watu wanamzomea, na msichana wa kukata tiketi amebakiza kidogo tu atoe machozi. Hapa lazima nikueleze kwamba kwetu, kabla maji hayajaingia ndani ya nyumba za watu, mtaa mzima ulichota kwenye bomba moja, na mama yangu ndiye aliyesimamia foleni. Hakuajiriwa na mtu, walimwachia tu kwa sababu hakuwa na upendeleo. Walimwita Bi Zamu. Alijua nani ana mgonjwa nyumbani apite mbele, na nani alichelewa kuamka tu anajitia ana shida. Mabomba yalipoingia majumbani kila mtu alishangilia, hata yeye, lakini foleni ikaisha, na jina lile nalo likawa halina wa kuliita.

Basi akanipa viatu nimshikie, akaenda mbele. Hakupaza sauti. Alimwambia yule mwenye miwani, "Baba, umekuja na watoto wazuri. Usiwafundishe mbele za watu kitu ambacho kesho utawachapia." Yule baba akacheka kwa aibu, akaikusanya familia yake wakarudi nyuma. Kisha mama akawahamisha wenye watoto wachanga upande wa kivuli, akimwonyesha kila mmoja yuko nyuma ya nani, akamketisha bibi mmoja ukingoni na kumwagiza kijana aliye nyuma yake amlindie nafasi kama anavyolinda simu yake, akawauliza watoto nani atapiga kelele mashua ikiteremka na nani anajidai tu, na baada ya kitambo kidogo watu wakawa wanacheka, foleni imenyooka kama uzi, yule msichana anakata tiketi huku anatabasamu. Mimi nimesimama na viatu mkononi. Kazi iliyonyooka naijua nikiiona. Nilitaka kumshika kila mtu bega nimwambie, huyo ni mama yangu.

Ndipo akaja msimamizi wa bustani, mwanamke mmoja mwenye redio ya mawasiliano kiunoni, alikuwa ametazama muda mrefu, akamwuliza mama kama angependa kazi. Likizo za shule zikianza watu watafurika, naye atapewa kiti, mwavuli na nguo ya kazi, akae pale pale kwenye foleni ya mashua afanye vile vile alivyofanya. Mama akanigeukia. Uso wake ulikuwa kama wa msichana aliyesikia jina lake likisomwa kwenye matokeo ya mtihani. Akasema, "Ngoja kwanza nimsikie mwanangu."

Nami nikajibu mbele ya watu, "Mama yangu hafanyi kazi. Mimi ndiye ninayefanya kazi."

Msimamizi akasema si lazima tujibu leo, atasubiri mpaka likizo zianze. Mashua tulipanda, maji yakatulowesha, mama hakutoa sauti hata kidogo. Tangu siku hiyo ananisemesha kwa adabu nyingi mno, kama vile mimi ni mwenye nyumba ninayemdai kodi, na jana nimemkuta anakunja nguo zake, anasema amekaa vya kutosha, anataka kurudi nyumbani. Dada yangu mkubwa amepiga simu, anasema mama akienda kufanya kazi kwa watu nitakuwa nimewaaibisha wote, na kazini jamaa wamenisikia nikiongea naye kwenye simu, wananiuliza ni lini atakuja kunibebea nondo. Mshauri, najua sikusema vizuri, lakini kama mama yangu atavaa sare uzeeni, mimi huku najitesa kwa ajili ya nini? Nimruhusu au nimkatalie?

Mimi mfunga nondo, mbali na kwetu

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako ilistahili, siirudishi, na kwa kuwa umri umeniruhusu utanivumilia nikikusema.

Kwanza pole kwa mgongo huo. Na hongera, maana wana wengi huwatumia mama zao salamu na kuona wamemaliza. Wewe umempa kitanda chako, ukampa na siku nzima bila haraka. Tena umeandika habari zake kwa namna ambayo mimi nisiyemjua natamani kusimama kwenye foleni yake.

Sasa nikuseme. Umemheshimu mama yako kama watu wanavyoheshimu vyombo vya wageni, vinafutwa vumbi na kurudishwa kabatini. Anashinda peke yake katika chumba cha ugenini, hana jirani wa kumsalimu, anafua nguo safi ili mikono ipate la kufanya, nawe unarudi jioni ukifurahi kwamba amepumzika. Hukumwuliza hata mara moja kama anapumzika au anangoja urudi. Halafu siku moja, mbele ya macho yako, anasimama mwanamke ambaye mtaa mzima ulimtegemea, moyo wako unajaa fahari, na neno la kwanza kinywani mwako linakuwa kumrudisha kabatini. Ulikosea, na ulikosea mbele za watu.

Unauliza unajitesa kwa ajili ya nini. Kwa ajili ya hili hili. Jasho lako limemfikisha mahali ambapo hatafuti kazi kwa sababu ya njaa. Anaitaka hii akiwa ameshiba, na ni kina mama wachache wanaoifikia siku hiyo. Usijione umeshindwa.

Unauliza pia umruhusu au umkatalie. Vyote viwili si vyako. Mwanamke aliyempanga baba mwenye miwani na ukoo wake hakukosa jibu la kumpa yule msimamizi. Alikugeukia ili uwe wa kwanza kufurahi.

Kwa hiyo leo ukirudi, kabla hujaoga, kabla hujala, kaa chini umwambie: "Mama, nilikujibia swali lililokuwa lako. Nisamehe." Nyamaza hapo. Usitie "lakini". Akikwambia bado anataka kurudi nyumbani, mbebee mzigo wake umsindikize kwa amani. Akisema anaitaka kazi, nenda naye kwa msimamizi, ukakague kiti kama kina mgongo, mwavuli kama unamfunika saa za jua kali, choo kama kiko karibu, maji ya kunywa, na nani wa kumsaidia akijisikia vibaya. Hayo ndiyo yako. Mshahara upokelewe na yeye, na usimwulize ameutumiaje. Dada yako mwambie ampigie mama mwenyewe. Namwonea huruma, maana atawekwa mahali pake kabla hajamaliza salamu.

Wamebaki jamaa zako wa kazini, ambao nadhani ndio uliowaogopa zaidi. Asubuhi ambayo mama ataanza kazi, mwombe fundi mkuu ruhusa ya kuchelewa. Atakuuliza sababu. Mwambie unampeleka mama kazini. Sema hivyo hivyo, kwa sauti, jamaa wote wasikie.