Kabureta ya Mzee Siwale

Tunduma,
Jumapili mchana.

Kwako mke wangu, Mama Tumaini,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, watoto na mama mkwe, na mpunga wa bondeni uwe haujachukuliwa na maji. Mimi mwili hauna neno, ila nafsi haitulii, ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Kwenye simu nimekudanganya mno. Ukiniuliza niko wapi nasema Kapiri, nasema Ndola, nasema foleni imekaza mpakani. Mke wangu, tangu mwezi wa nne sijavuka mpaka. Siendeshi tena lori.

Ni jicho la kushoto. Niligonga tela lililoegeshwa pale Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mchana kweupe, tajiri mwenye lori akanipeleka hospitali Mbeya. Daktari akasema ni presha ya macho. Mbele naona, pembeni kumekufa na hakutarudi. Natia matone kila siku ili lisiendelee kufa. Tajiri alichukua ufunguo kwa upole. Nikaona haya kurudi nyumbani Ifakara nikae barazani kama mgeni, nikabaki huku.

Nimepata kazi kwa fundi anaitwa Simbeye, Mnyamwanga, kijana ambaye ningeweza kuwa mjomba wake. Anafufua magari ya zamani, na mimi ndiye muosha vyuma. Gari likifunguliwa, kila kipande kinaletwa kwangu na grisi iliyoganda tangu enzi za baba zetu. Vya chuma natumbukiza kwenye pipa la kostiki, ile dawa ya kutengenezea sabuni, mpaka uchafu uachie. Vya alumini hapana, kostiki inavila. Hivyo ni petroli na brashi, tundu kwa tundu. Fundi alinifundisha hilo siku ya kwanza.

Kazi haina shida. Shida ni barabara. Malori yanapanga foleni mbele ya geti kutwa nzima, nawasikia wenzangu wakibadili gia, na mguu wangu unakanyaga klachi ambayo haipo. Nasimama, naenda getini, narudi, nakwenda tena.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa na Landrova ya Mzee Siwale, mkulima wa Msangano. Ilikuwa ya marehemu baba yake, imelala bandani miaka mingi kuku wakitagia kwenye viti. Nilimwaga vyuma vyake kwenye pipa haraka haraka nikakimbilia getini, maana lilikuwa linapita lori la tajiri wangu wa zamani. Niliporudi pipa lilikuwa linatoa mapovu. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, nayo ni ya alumini, nilikuwa nimeitia pamoja na boliti bila kuangalia. Ilitoka nyeusi, imeliwa kama uso wenye ndui.

Fundi aliigeuzageuza mkononi. "Umeiacha muda gani?"

"Sijui. Nilikuwa natazama magari."

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kesho yake nitakwenda mwenyewe Msangano kumwambia mwenye mali.

Mama Tumaini, asubuhi yake nilifunga begi nikamtafuta Kaluwa, dereva niliyefanya naye kazi, akakubali kunivusha mpaka Lusaka. Nikapanda kiti cha abiria, upande wa kushoto, na moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu nilipoacha usukani. Alipotaka kujitoa kwenye foleni akaniuliza, "Kushoto kuko salama?"

Nikajibu kuko salama, kama nilivyozoea. Akakata usukani, mara tukasikia mtu anapiga mlango kwa kiganja. Alikuwa mama muuza machungwa. Beseni lilikwenda chini ya tairi. Yeye aliruka, akaangukia changarawe, akachubuka viwiko. Alikuwa karibu na mimi kiasi cha kumshika bega, na sikuwa nimemwona.

Nilishuka. Nikamwinua, nikaokota naye machungwa yaliyobaki, nikamwambia Kaluwa aende zake. Siku hiyohiyo nikapanda gari la Msangano, kabureta ikiwa kwenye begi.

Mzee Siwale hakunihurumia. Aliishika muda mrefu, akasema baba yake alikuwa akiipuliza kwa mdomo safarini ikiziba, kisha akaniambia nisiguse gari lake tena. Nilistahili.

Dada yake aliyeolewa Isoka, upande wa Zambia, ndiye aliyepata kabureta nyingine kwenye gari bovu la jirani. Ilifika Jumatano imejaa vumbi. Fundi akaiweka mbele yangu na brashi. Nikamkumbusha alichosema mzee.

"Mzee nimeongea naye," akasema. "Na geti nimelifunga."

Niliiosha siku mbili. Jana ilifungwa, injini ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikawaka. Mzee Siwale hakunipa mkono, ila alisogea kidogo ili nami nichungulie.

Sitakudanganya kwamba nimetulia. Leo pia nimeamka nikitaka kuondoka, bila kujua kwenda wapi. Nimemwomba fundi siku kumi nije nyumbani, unigombeze uso kwa uso, kisha tuamue pamoja kama nirudi huku au nibaki nyumbani.

Nisalimie mama mkwe wangu, na kaka yako Kalisti anayetuangalizia shamba, na shangazi Veronika wa kanisani. Kwao sema unavyoona inafaa. Lakini Tumaini akiuliza baba yuko wapi, mwambie yuko Tunduma, anaosha vyuma vya magari.

Ni mimi mumeo,
Baba Tumaini