Ulichokiita Kelele

Katwe, Kampala

Mdogo wangu Hamisi,

Salaam aleikum. Natumaini wewe, mkeo na watoto hamjambo hapo Ujiji, na mguu wa baba mdogo umepata nafuu. Mimi mwili mzima. Moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Ulipokuja kunitembelea ulinicheka kwa kusafiri na redio kaseti na mfuko mzima wa kaseti. Ukasema nimekuwa kama mganga na mkoba wake. Ukaninunulia kile kidude cha MP3 pale Kikuubo, kidogo kama kiberiti, nami nikashukuru kweli. Safari ya Arua na vitenge vyangu ni ya kutwa nzima, na betri zilikuwa zinanimaliza. Mfuko wa kaseti ukampelekea fundi wa hapa Katwe azihamishe, ukarudi zako nyumbani kabla hajamaliza.

Juzi nikapanda basi, nikachomeka spika za masikioni. Wimbo wa kwanza ukaisha. Nikatulia, nikamsubiri mama. Ukaingia wimbo wa pili. Tulipofika Karuma nilikuwa nimesikiliza zote, na mama hayumo hata neno moja. Nililia mbele za watu, mtu mzima mimi.

Niliporudi nikaenda kwa fundi. Anasema alikupigia simu kukwambia kuna mwanamke anaongea katikati ya nyimbo.

"Nyabo, bibi yangu, ndugu yako alisema hiyo ni kelele, mimi natoa yote, nabakisha muziki tu. Kaseti alisema tupa. Mimi natupa."

Kelele, Hamisi? Mama hakujua kuandika. Alinunua kaseti za muziki sokoni, akaziba vitundu vya juu kwa karatasi ili zikubali kurekodi, akauacha wimbo mmoja upite, ndipo akaongea. Alitanguliza muziki makusudi, ili aliyetumwa kuniletea akiijaribu njiani asisikie mambo ya nyumbani kwetu. Hizo ndizo zilikuwa barua zangu tangu nilipoondoka mpaka tulipomzika.

Najua utasema hukujua. Ni kweli, wewe ulibaki naye, kwa hiyo hukutumiwa kaseti hata moja. Lakini kuuliza kulikushinda nini? Uliambiwa kuna mtu anaongea, hukutaka hata kujua ni nani. Unajifanya mjuzi wa kila kitu, na umenizikia mama mara ya pili. Nina hasira na nafsi yangu pia. Nilikukabidhi mfuko nikanyamaza, kwa sababu niliona haya kukwambia kwamba umri huu bado nasafiri na mama.

Msalimie wifi yangu, mkeo, simlaumu kwa lolote. Mwambie baba mdogo dawa yake ya kuchua nitaituma na dereva wa lori. Shangazi anayefagia kaburi la mama mpe mkono wangu, umwambie namwombea.

Kaseti moja imepona, kwa kuwa ilikuwa imekwama ndani ya redio. Humo mama anakuzungumzia wewe, upande mzima. Hasira zikipoa nitakuja nayo uisikilize. Bado hazijapoa.

Dada yako,
Mwajuma