Wimbo Uliofichwa na Kaka

Kanazawa, 9 Novemba

Kaka Tatsuro,

Theluji bado, ila kaa wa baharini wameshafika sokoni.

Nilikuchorea karatasini, kwa mishale, jinsi shule ya muziki ya Baba inavyokufa: unawaficha wanafunzi wimbo wa mwisho wa mafunzo ili wakutii, wanachoka, wanaondoka, nawe unazidi kuuficha. Ukacheka mbele yao: “Mhandisi wetu huyo! Rudi kiwandani, dada, nyuzi tatu za shamisen si mashine.” Kisha ukanivua jina la jukwaani la shule.

Sasa nafundisha kwa jina nililozaliwa nalo, na wimbo huo ndio somo la kwanza. Wanafunzi wako kumi na mmoja wamehamia kwangu. Jana alikuja wa kumi na mbili, shamisen mkononi: Mama. Usimngoje mazoezini.

Dada yako,
Chizuru