Siku Mtukufu Alipokuja Kituoni

Haakolo,
Tongatapu, Tonga.
2 Desemba 2010

Mpendwa binti yangu Kalolaine,

Pokea salamu za shangazi yako, na upepo wa huko Auckland ukupungukie. Mtoto amepona kikohozi? Mpake mafuta ya nazi kifuani, usimtegemee daktari peke yake. Huku sote wazima. Goti langu linaniuma nikipanda ngazi, lakini halijanizuia kwenda kanisani wala kugombana na baba yako.

Viazi vikuu vimetoka vizuri mwaka huu, na baba yako anajisifu utadhani ni yeye aliyeleta mvua.

Sasa nije kwenye lile neno lako la kwenye simu. Ulisema: "Shangazi, ninyi ambao bado mnakaa chini mkubwa akipita, mtasemaje mnajitawala?" Nilinyamaza kwa sababu simu ilikuwa ya kwako na dakika zinakwenda. Leo nina karatasi.

Unajua tulipiga kura wiki iliyopita, na kwamba safari hii viti vingi vya bunge ni vyetu sisi raia, kumi na saba, na vya watukufu, wale wakuu wa kurithi, ni tisa tu. Mfalme mwenyewe ndiye aliyekubali kuyaachia mamlaka ya kila siku, na Waziri Mkuu sasa anachaguliwa na wabunge. Mimi niliteuliwa msimamizi wa kituo hapa kwenye ukumbi wa kanisa. Nilivaa mkeka wangu wa heshima wa kufunga kiunoni, ule mzuri, wa mazishi ya bibi yako, na nikafundishwa sheria siku mbili nzima.

Mambo yalikwenda salama mpaka saa tisa na robo. Ndipo Mtukufu wetu, mwenye ardhi ya kijiji hiki, akashuka kwenye gari na kusimama mlangoni. Alikuwa ametoka mjini kupiga kura na watukufu wenzake, akaona apitie kututazama. Msemaji wake, mzee Feao, alikuwa nyuma yake.

Basi watu wote wakakaa chini. Foleni nzima, watu sitini na mmoja, pu, sakafuni. Makarani wangu wakateremka vitini. Na mimi nikateremka, nisikufiche. Kikabaki kisanduku cha kura peke yake juu ya meza.

Mtukufu alitabasamu, akasema kwa upole tuendelee na kazi. Nani aendelee? Wewe ungeinuka, kichwa chako kipite chake, mbele ya kijiji? Dakika zikakatika. Saa kumi kamili kura zinafungwa. Wengine walianza kunong'ona kwamba amekuja kumsaidia shemeji yake, yule mwenye maduka, anayeshindana na mwalimu Paea. Mimi sikuamini, lakini mtu akishaanza kuwaza hivyo, kura yake hata akiipiga imeshaharibika.

Kalolaine, niliogopa sana. Nyumba yangu iko juu ya ardhi yake, na mume wangu amezikwa humo humo. Nikamwomba Feao, kama ilivyo desturi, amfikishie neno kwamba aondoke. Mzee akafungua mdomo, akaufunga. Miaka thelathini anamsemea yule bwana, siku hiyo maneno yakamwishia.

Nikajikokota kwa magoti mpaka mlangoni, nikasema mwenyewe, macho chini.

"Mtukufu, unisamehe. Hapa huna kura."

"Najua, mama. Nimekuja kutazama tu."

"Ukitutazama hatuwezi kuinuka. Na tusipoinuka, hatuwezi kuchagua. Nakuomba uende nyumbani."

"Unanifukuza?"

"Sheria ndiyo inayokufukuza, Mtukufu. Mimi ningekukaribisha chai."

Nilikuwa nahesabu mbao za sakafu. Kisha nikasikia viatu vikigeuka.

Gari liliondoka, lakini Mtukufu aliendesha mwenyewe. Feao alibaki. Akajipanga mwisho wa foleni, wa sitini na mbili, na zilipobaki dakika nne akafika mezani kwangu. Nikamwuliza kwa utani anapiga kura kwa niaba ya nani. Akaniambia, "Yangu, mama. Nipe karatasi." Akaingia nyuma ya pazia, akakaa humo mpaka nikadhani amelala. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na sikumtania tena.

Mwalimu Paea ameshinda kwa tofauti ya kura thelathini na nane. Piga hesabu mwenyewe na wale waliokuwa wamekaa sakafuni.

Usinielewe vibaya. Nampenda Mfalme, na atakapopita barabara hii nitakaa chini hata kama ni kwenye matope. Hata mimi, shangazi yako, kwa kuwa huku dada ni mkubwa kwa kaka yake, kwenye kila sherehe natandikiwa mkeka wa mbele na kupewa kipande kinono, na baba yako ananyenyekea. Lakini lini umeniona nikimpangia apande nini shambani? Heshima nakula mimi, shamba analima yeye. Huko kwenu mna uhuru mwingi na hamna wa kumkalia chini, nanyi siku ya kura nusu yenu mnalala.

Jumamosi Feao alikuja uwanjani kwangu na ujumbe rasmi. Nilijua ni habari ya nyumba. Nilikaa, nikaificha mikono chini ya mkeka. Akakohoa, akasema kwa sauti yake ile ya kazi: "Mtukufu anakuagiza hivi. Uchaguzi ujao, umwandikie mapema, umwambie ni siku gani asitoke nyumbani."

Nisalimie mumeo Sione-Lata, umbusu mtoto, na shangazi mdogo Tokilupe umwambie mikeka yake iko tayari. Baba yako Semisi anakusalimu. Mungu awalinde ugenini na awarudishe mkiwa mmenenepa.

Wako akupendaye, na aliyekufundisha kutembea,

Shangazi Ilaisaane